Daftari la Nduku na barua zisizo zangu

Jumapili alasiri, Agosti 2008. Baridi.

Tangu asubuhi jua halijaonekana. Ukungu umefunika vilima vya Iveti hadi chini, na manyunyu yanakuja na kwenda bila kuamua. Nimetoka kanisani, nimekunywa chai, na sasa nimekaa kwenye mashine ya tatu hapa saiba, duka letu la intaneti. Mlango nimeufunga kwa sababu ni Jumapili. Nimevaa sweta mbili.

Sijaandika hapa kwa wiki tano. Mumo, binti yetu aliye Eldoret, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni baada ya mazishi. Aliniambia badala ya kukaa nikitazama ukuta, niandike. Sijui ni nani husoma. Kama kuna mtu, habari yako. Leo nina jambo la kusema, na nimelikwepa tangu mwezi wa nne.

Nitaanza na Nduku, kwa sababu mimi huanza naye kila kitu.

Saiba hii ilikuwa ya mke wangu. Mimi ni fundi wa redio, nilifika kidato cha nne na baada ya hapo elimu yangu ikawa ya waya na risasi ya kuunganishia. Nduku ndiye aliyesomea kompyuta. Alinunua mashine hizi tano moja moja, akazipanga ukutani, na kila jioni akifunga alizifunika kwa vitambaa alivyofuma mwenyewe, kama watu wanavyofunika viti vya sebuleni. Wateja walimwita Mama Saiba. Mimi nilikuwa mume wa Mama Saiba, nikikaa kwenye kona yangu na redio zangu, na nilifurahia cheo hicho.

Wateja wake wengi hawakuwa watu wa mjini. Walitoka Mwala, Masii, Kathiani, wakija siku ya soko na mambo yao yote ya mwezi mzima. Ukitoka mbali hivyo hutembei sokoni na mzigo. Unaacha kyondo chako, kikapu chako cha kusuka, kwa mtu wa kwenu aliye na duka hapa mjini, unazunguka, unarudi kukichukua jioni. Hapewi kitu mwenye duka, na hakuna anayeuliza kama kyondo kilifunguliwa. Ndivyo tulivyolelewa.

Basi watu walipoanza kufunguliwa visanduku vya barua pepe, walifanya vivyo hivyo. Mtu akishakuwa na neno lake la siri, anamwambia Nduku, niwekee hapa, mimi nitalisahau nikifika nyumbani. Naye Nduku akawawekea. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na aliandika kwa kalamu ya kijani kwa sababu kalamu za bluu ziliibwa kila siku na za kijani hazikutakiwa na mtu. Jina, anwani, neno la siri. Na pembeni, ili asichanganye watu, aliongeza maneno mawili matatu ya kumkumbusha.

Hayo maneno ya pembeni ndiyo yaliyoniua.

"Wa Masii. Hucheka kabla ya kusema." "Mzee wa Kathiani, mpe kiti chenye mto, atakataa, mpe tu." "Ana mtoto mgongoni, asikae karibu na feni." "Anaogopa kipanya. Mwambie hakina meno." "Alikuja amevaa viatu vya dada yake, usiviangalie."

Ukurasa baada ya ukurasa. Nduku alifariki mwezi wa kumi na moja mwaka jana, na daftari lilibaki chini ya kaunta pale alipoliacha. Nikalifungua Januari kwa sababu ya kazi tu. Nikajikuta nimesimama pale nikisoma watu wote jinsi yeye alivyowaona.

Siku hiyo ya Januari, yule mzee wa Kathiani alikuja kuuliza kama mwanawe aliye ng'ambo ameandika. Nikampa kiti chenye mto. Akakataa. Nikampa tu. Haoni vizuri, kwa hiyo akaniomba nimsomee barua zote tangu mwanzo. Nikateremka hadi chini kabisa, kwenye barua ya kwanza kuwahi kuingia katika kisanduku chake, na jina la mtumaji lilikuwa la mke wangu.

"Karibu mzee," ilisema. "Hiki ni kisanduku chako. Nimekuandikia ili usikikute kitupu. Mwanao akichelewa kuandika usikasirike, huko kuna baridi na mikono huganda. Nduku wa saiba."

Nilisoma kwa sauti hadi mwisho. Mzee akasema huyo mama alikuwa mtu. Nikasema ndiyo.

Sikujua. Miaka saba alikuwa akifanya hivyo nami nikiwa mita tatu kutoka alipokaa, nikikaza skrubu. Kila aliyefunguliwa kisanduku, Nduku alimwandikia barua moja ya kwanza ili mtu asianze na utupu. Hakuwahi kuniambia. Labda hakuona kama ni jambo la kuambiwa mtu.

Sasa nakuja kwenye lile nililolikwepa.

Nilikuwa na daftari lenye maneno ya siri ya watu zaidi ya mia mbili. Nilijua kwamba ndani ya kila kisanduku, chini kabisa, kuna maneno ya mke wangu ambayo sijawahi kuyasikia. Saa nane mchana wakati wa jua kali mteja haji. Nilianza na mmoja. Halafu mwingine.

Nilifungua visanduku kumi na tisa.

Sikusoma barua za watu. Nilijiambia hivyo na ni kweli, nilikuwa nateremka moja kwa moja hadi chini, nasoma ile ya Nduku, nafunga. Lakini huwezi kuteremka ngazi za nyumba ya mtu ukiwa umefumba macho. Niliona majina. Niliona vichwa vya barua. Najua ni nani anadaiwa karo na ni nani ameachwa, na sikupaswa kujua. Nikikutana nao sokoni nilikuwa nainama kufunga kamba za viatu.

Barua zilikuwa nzuri. Hilo nalo ni kweli. Hakuna mbili zilizofanana.

Mwezi wa nne nilifika kwa Kalekye wa Mwala. Pembeni mwa jina lake Nduku ameandika, "Huandika jina lake polepole kama anayelitia rangi." Nilitaka sana kujua mtu wa namna hiyo aliandikiwa nini. Nikaingiza neno la siri, likakataa. Nikaingiza tena herufi moja moja. Likakataa. Nikafikiri labda amelibadilisha. Lakini nilijua Kalekye yuko kwao na mbuzi wa babake, hajaja mjini tangu mwezi wa tatu, na huko kwao hakuna kompyuta. Ni nani basi amelibadilisha?

Niliwaza hivyo. Nakumbuka kabisa niliwaza hivyo, huku kidole kikiwa bado juu ya kitufe. Halafu nikafunga daftari na kurudi kwenye redio zangu, kwa sababu kumwambia Kalekye kungekuwa kumwambia nilikuwa nafanya nini.

Mwezi wa saba alikuja mwenyewe. Alikuwa amemaliza kidato cha nne vizuri na kuomba ufadhili wa kusomea uuguzi, na walimwambia watamwita kwa barua pepe. Kisanduku kikamkataa mbele yangu. Nikamwambia jaribu tena, labda umekosea. Mungu wangu anisamehe, nilisema hivyo. Akajaribu mara sita, polepole, na kila mara aliomba radhi kwa kunichelewesha.

Alimwendea Mwalimu Mueni, aliyemfundisha. Mwalimu akapiga simu kwa wafadhili. Wakasema walimwandikia mara mbili, siku ya mahojiano ikapita, hakufika.

Mwalimu Mueni si mtu wa kukaa akisikitika. Anafundisha hisabati katika shule ya kutwa huko Mwala ambayo haina stima. Wana kompyuta mbili za msaada, zimekaa ofisini kwa mwalimu mkuu zikiwa zimefunikwa na gunia, na wanafunzi hupelekwa kuzitazama. Akaja kwangu. Akasema watoto wa mjini wanajifunza mambo haya kwa kuwa karibu nayo, wanaonywa na kaka zao, wanasikia shuleni. Wa kwake wanakutana na mtandao mara moja kwa mwezi kwa nusu saa, na mwizi anakutana nao nusu saa hiyo hiyo. Aliomba Jumamosi tatu za likizo hii. Hakutaka nifundishe kupiga chapa, alitaka wajue kujilinda. Nikakubali haraka, na haraka yangu ilinishtua mwenyewe. Nilifikiri nikifundisha vizuri, lile jambo litajifuta.

Jana ilikuwa Jumamosi ya kwanza.

Walikuja wasichana wanane wa kidato cha tatu, pamoja na Mwalimu na Kalekye. Walifika na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye bakuli la plastiki, wakiwa wamelowa mabega. Mtandao ulikuwa umekatika kwa sababu ya mvua, kwa hiyo nikaanza bila kompyuta. Niliwauliza vyondo vyao viko wapi. Wakasema wameviacha kwa mama fulani mwenye duka la unga karibu na soko. Kwa nini kwake? Ni wa kwetu, tunamjua. Nikawauliza, je, akija mtu wa sauti nzuri asiyeonekana uso, akaomba awashikie vyondo? Wakacheka. Nikawaambia mtandao ni hivyo, wote huko hawana nyuso. Neno lako la siri usimpe mtu, hata akiwa na adabu, hata akisema anatoka ofisini.

Nilikuwa nimeanza kujipenda. Somo lilikuwa zuri, na Mwalimu Mueni alikuwa anaandika.

Ndipo Ndinda, yule mwenye maneno mengi, akanyoosha mkono. "Na wewe je, Baba Saiba? Maneno yetu si yako hapo chini ya kaunta, kando ya mkate?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nikasema mimi nawawekea tu, ni kama yule mama wa unga.

Kalekye hakucheka. Alikuwa amekaa hapa nilipokaa sasa, mikono mapajani. Akaeleza, si kwa kulalamika, jinsi alivyonyang'anywa kisanduku. Mwezi wa tatu aliletewa barua iliyosema ofisi inayotunza visanduku inahakiki wamiliki wake, tafadhali tuma neno lako la siri tukuwekee salama. Akatuma. Mwalimu alimwuliza hakushuku kitu?

"Mama Saiba aliniuliza vile vile," akasema. "Kwa upole, akisema ataniwekea. Huyo naye aliandika kwa upole. Nikaona ndivyo inavyofanywa."

Mwalimu Mueni aliacha kuandika.

Nilitamani kumtetea mke wangu. Nilikuwa na maneno tayari, kwamba alifanya kwa upendo, kwamba hakuwahi kumdhuru mtu, na yote ni kweli. Lakini nilimtazama yule mtoto na kuona kwamba naye hakuwa akimshtaki Nduku. Alikuwa anasema tu mahali alipojifunzia. Na kama mke wangu alikosea kwa kuwapenda, mimi nilikuwa nimefanya nini?

Nikasema tunywe chai.

Nje nyuma kuna tangi la maji, ndipo ninapochemshia chai chini ya bati. Nilimwita Kalekye anisaidie na vikombe, nikamwomba Mwalimu naye aje, kwa sababu nilijua nikiwa peke yangu na mtoto nitalainisha. Nikawaambia. Kwamba mwezi wa nne nilijaribu kufungua kisanduku chake. Kwamba kilikataa. Kwamba nilishuku kimeibwa, miezi miwili kabla ya mahojiano yake, nikanyamaza. Nikaeleza kwa nini nilikuwa nafungua, habari ya barua za kwanza, zile kumi na tisa. Sufuria ilifurika ikazima moto na hakuna aliyeigusa.

Mwalimu Mueni anajua hesabu, naye alikuwa anahesabu ile miezi. Alisema polepole kwamba mwezi wa nne wangeweza kuwapigia simu wafadhili, wangewapa anwani nyingine, ingetosha. Nikasema najua.

Kalekye alikuwa ameshika vikombe vinne, viwili kila mkono. Aliuliza kama nilisoma barua yake. Nikasema hapana, sikuweza kuingia. Na hapa nitaandika jambo ninaloonea aibu kuliko yote. Pale pale, nikiwa nimemkosea hivyo, nilimwuliza. Nilimwuliza Mama Saiba alimwandikia nini.

"Hiyo ni yangu, Baba Saiba," akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayerudisha mkono wa mtoto kutoka kwenye sufuria. Halafu akasema, "Waambie na wale wengine."

Nikawaambia. Nilisimama mbele ya vitambaa vya Nduku nikawaambia wasichana wanane yale yale. Wawili kati yao walikuwa kwenye kumi na tisa. Mmoja alianza kulia kimya kimya, akakataa leso. Mwingine alikuwa Ndinda. Alivuta sweta ikamfunika uso hadi kwenye nywele, akauliza akiwa humo ndani, niliona mengine? Nikasema niliona majina tu nikiteremka.

"Basi yule kijana wa Kangundo umemjua kabla ya mamangu," akasema ndani ya sweta.

Wakacheka, hata aliyekuwa analia. Sikustahili kicheko hicho. Nilikipokea kama mtu anayepewa maji.

Saa saba mtandao ulirudi. Mwalimu Mueni alichukua kiti changu na kuendesha somo. Waliambiwa wabadilishe maneno yao ya siri, yasiwe jina la nyanya ambaye umerithi jina lake, kwa sababu Mwala nzima inajua umeitwa nani. Yasiwe jina la ng'ombe. Wachague maneno matatu yasiyojuana. Mimi nilitoka nje. Nilisimama mlangoni nikiwa nimewapa mgongo, nikatazama barabara, mikokoteni ya punda ikipita na maji. Nyuma yangu nilisikia vitufe vikibonyezwa na mtu akinong'ona herufi, na Mwalimu akimwambia hata kunong'ona usinong'one.

Sijawahi kusimama nje ya saiba hii kwa sababu kama hiyo. Ilikuwa sawa.

Kisanduku cha Kalekye hakirudi. Mwalimu alijaribu kila njia anayoijua, akashindwa. Akafunguliwa kingine. Nilipoitwa ndani nilimkuta amekikodolea macho, kiko wazi, cheupe, hakina kitu. Mwaka mwingine angekuwapo mtu wa kuandika ile barua ya kwanza. Niliwaza niandike mimi. Mikono yangu ilifika karibu na kibodi nikairudisha mfukoni.

Ni Ndinda aliyeanza. Akamwuliza Kalekye anwani mpya, akaenda kwenye mashine ya tano. Wengine wakapanga foleni nyuma yake. Wanaandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo ilichukua karibu saa nzima, mmoja mmoja, wakiziba kioo kwa mwili wasionwe. Kalekye alikaa akingoja. Kila barua ilipoingia aliifungua, akaisoma, akafunga, asimwambie mtu. Ya tatu ilimfanya acheke hadi akaweka paji la uso kwenye meza. Zilifika nane. Ya tisa ilikuwa ya Mwalimu Mueni.

Sijui ziliandikwa nini.

Kabla hawajaondoka Mwalimu alinieleza kwamba wafadhili wale watachukua kundi lingine Januari. Kalekye ataomba upya. Hakuna ahadi. Ameshachelewa mwaka mmoja na mwaka ni mwaka, hasa kwa msichana aliye nyumbani huku watu wakianza kuuliza anangoja nini. Nikimsikia mtu akisema yote yamekuwa kwa heri nitamkatalia. Hayakuwa kwa heri. Yalikuwa kwa sababu ya mwizi mmoja, na ya mtu mmoja aliyenyamaza.

Leo asubuhi baada ya ibada nilimpigia Mumo simu nikamwambia yote. Akauliza, "Baba, zilikuwa nzuri?" Nikasema zilikuwa nzuri. Akasema nisimsimulie. Tukalia kidogo, yeye huko mimi huku, halafu akanieleza namna ya kubadilisha neno la siri la ukurasa huu. Ndiyo, lilikuwa kwenye daftari. Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wangu.

Mchana Mwalimu Mueni akatuma ujumbe. Jumamosi ijayo somo halitakuwa hapa. Litakuwa huko Mwala, shuleni kwao, kwa ubao na chaki, kwa sababu ameona jana kwamba nusu ya somo haikuhitaji stima. Ameita wazazi pia. Na ameita wale wa zamani wote walio na visanduku vya Mama Saiba, watatangaziwa kanisani leo jioni na kwenye mkutano wa chifu. Nije na daftari. Niseme mwenyewe nilichofanya, halafu nifundishe. Mwisho aliongeza kwamba babake Ndinda anauliza ni nani aliyeniruhusu, nijitayarishe.

Hakuna aliyeniruhusu. Nitamwambia hivyo.

Nimekaa na daftari hili tangu saa nane. Kwanza nilichukua mkasi nikafikiri nitakata upande wa kulia wa kila ukurasa, ule wa maneno ya siri, nibaki na majina na maneno ya pembeni, nibaki naye. Nilikata ukurasa mmoja. Halafu nikaona alichofanya. Yule wa Masii anayecheka kabla ya kusema, neno lake la siri ni kicheko. Anayeogopa kipanya, ni meno. Nduku aliwachagulia wengi wao maneno kutokana na yale aliyoyaona kwao, ili akiwatazama tu akumbuke. Nikibaki na upande wake nimebaki na funguo zao.

Kwa hiyo sikati tena. Jumamosi kila mtu atapewa mstari wake mzima, jina na siri na maneno ya pembeni, aende nao nyumbani, na tutamfundisha kutunga neno jipya ambalo mimi sitalijua. Wasiokuja nitawafuata. Masii nitakwenda siku ya soko, Kathiani nitakwenda kwa baiskeli. Yule mzee nitampelekea na mto wake, nimwombe radhi, ingawa ndiye peke yake aliyeniomba kufungua. Mpaka wote wafikiwe daftari litakaa kwenye sanduku la chuma alilohifadhia Nduku vitenge, na ufunguo nitampa Mwalimu Mueni.

Nitabaki na jalada. Labda na zile kurasa mbili za mwanzo alizokuwa akijaribia kalamu, mistari ya kijani inayozunguka zunguka bila neno lolote. Hizo hazimfungulii mtu chochote.

Inanivuta, sitadanganya. Hapa nilipo mtandao uko, daftari liko mkononi, na zimebaki barua zaidi ya mia na themanini ambazo sijazisoma. Katika hizo kuna maneno yake ambayo hayapo mahali pengine duniani. Ningeweza kusoma moja tu, ya mwisho, halafu nifunge sanduku. Vidole vyangu vinajua njia.

Lakini hakuniandikia mimi. Mimi alinipa miaka ishirini na sita ya kukaa naye chumba kimoja, akiimba nyimbo za kanisa huku mtandao ukijivuta kuunganika, na mara nyingi sikuinua kichwa. Hao alikuwa nao nusu saa kila mmoja, akawapa barua. Zao ni zao.

Nimezima mashine ya tatu na kuandika haya yaliyobaki kwa kalamu, nitayaingiza hapa kesho mchana nikiwa na wateja pembeni ambao nitawaonea haya.

Jumamosi nitasimama mbele ya watu wa Mwala, nitasema, nitagawa mistari. Nitafundisha kadiri ninavyojua. Na sitamwuliza mtu yeyote Nduku alimwandikia nini.